Kompresa ya Freightliner inatema oili: ninunue iliyoundwa upya?

Swali: Shikamoo fundi. Nina Freightliner moja yenye injini ya Detroit Series 60 na tela lake, inabeba saruji kutoka Tanga kuleta Moshi na Arusha. Huu mwezi wa pili, dereva akifungua mitungi ya upepo jioni inatoka oili nyeusi. Upepo nao unachelewa kujaa, na anasema gari likiwa Arusha hali ni mbaya zaidi kuliko likiwa Tanga. Fundi wa kwanza anataka tubadilishe ringi tu. Wa pili anasema kompresa imekufa. Kuna muuzaji wa spea Arusha ana kompresa anayosema imeundwa upya kiwandani Marekani, bei kama nusu ya mpya, dhamana miezi mitatu, ila anataka nimwachie ile ya zamani. Mimi si mtu wa magereji. Ninunue? (Dada wa Himo)

Jibu: Marahaba, dada yangu. Ndiyo, nunua iliyoundwa upya, mradi iwe kweli ndiyo yenyewe. Ila usiinunue wiki hii. Kwanza tujue nini kimeiua hiyo uliyonayo, maana kompresa ya lori ni nadra kufa kwa uzee wake peke yake. Mara nyingi kuna kitu kingine kwenye gari kinachoiua, na kitu hicho hakitoki pamoja nayo ukiifungua. Kinabaki pale pale kinasubiri ya pili.

Nieleze kidogo inavyofanya kazi, ili ukisimama mbele ya muuzaji asikuzungushe.

Kompresa yako, yaani pampu inayojaza upepo wa breki kwenye mitungi, inazungushwa na gia za injini. Injini ikiwaka, nayo inazunguka, hakuna kuizima. Lakini kuzunguka si kusukuma. Kuna kifaa kidogo cha kutosha kiganjani, tunakiita gavana. Upepo kwenye geji ukifika 120 hadi 130 (hizo ni namba za PSI, kipimo cha presha, ndizo zilizo kwenye dashibodi ya gari la Kimarekani), gavana inapeleka upepo kidogo juu ya hedi (kichwa cha kompresa, penye vali) na kuzuia vali za kuingizia zisifunge. Hapo kompresa inazunguka inahema tu, haisukumi kitu. Upepo ukishuka hadi karibu 100, gavana inaachia na kazi inaanza tena. Hayo mapumziko ndiyo uhai wake. Kwenye gari la safari ndefu ambalo ni zima, kompresa inasukuma kama robo ya muda au pungufu, robo tatu inapumzika na kupoa.

Sasa gari likiwa linavuja upepo, tuseme busta moja la tela (kile kikopo kinachosukuma breki kwenye gurudumu) au kopla (kiungio cha upepo cha kichwa na tela) ya mpira uliokauka, mapumziko yanakwisha. Inasukuma njia nzima kutoka Segera hadi Himo. Inachemka, ringi zinalegea, oili inapanda. Mwenye gari anaona oili, analaumu kompresa. Kosa lilikuwa ni mpira wa bei ya chakula cha mchana.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza hakihitaji hata kufungua nati. Weka kigingi kwenye tairi, jaza upepo hadi mwisho, zima injini, achia breki zote za kuegesha, halafu mtu akae aangalie geji kwa dakika nzima. Kichwa na tela pamoja vikipoteza zaidi ya 3 kwa dakika bila kukanyaga, gari linavuja. Kisha dereva akanyage breki na kuishikilia. Ule mshuko wa kwanza usiuhesabu. Baada ya hapo isizidi 4 kwa dakika. Ikizidi, chukua sabuni ya unga, koroga kwenye ndoo, paka kwenye viungio vyote na utafute mapovu.

Kuhusu Tanga na Arusha, dereva wako hadanganyi, na amenipa habari nzuri kuliko mafundi wote wawili. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa karibu asilimia 15. Kila pistoni ikivuta, inapata hewa pungufu. Kompresa inayojaza kwa sekunde 40 pale Tanga itachukua kama 47 hapa kwetu, hata ikiwa mpya kabisa kutoka kwenye boksi. Kwa hiyo tofauti ya sekunde saba au nane usiitolee pesa. Ikiwa Arusha inachukua mara mbili ya Tanga, basi kompresa imechoka na mlima umeisema tu. Kipimo ninachotumia ni hiki: injini ikiwa kwenye mizunguko ya juu, upepo utoke 85 hadi 100 ndani ya sekunde 45. Aje nacho ameandika, cha Tanga na cha Arusha, si kwa kukadiria.

Na hiyo oili, tuipime pia. Oili kidogo kwenye mtungi wa kwanza ni kawaida, kwa sababu kompresa inalainishwa na oili ya injini hiyo hiyo na haiwezi kuzuia tone lisipite. Mwambie dereva amwage mitungi yote ikauke, aende Tanga na kurudi, kisha akinge kinachotoka mtungi wa kwanza kwenye chupa ya maji ya kunywa. Kikiwa cha rangi ya chai ya maziwa, hayo mengi ni maji, na mgonjwa ni draya yako, kile kifaa cha kukausha upepo kabla haujaingia mitungini, filta yake imekufa. Kikiwa cheusi na kizito kama ulivyoandika, ringi au silinda zimekwisha, au oili inazuiwa kurudi injini.

Hapo kwenye kurudi kuna jambo linaloniudhi sana. Kompresa hii inafungwa kwenye boksi la gia, na oili yake inarudi injini kupitia pale inapogusana na boksi hilo. Fundi akikosa gasketi anapaka silikoni. Akipaka kwa mkono wa ukarimu, silikoni inakamuliwa ndani na kuziba njia. Nimewahi kung'oa kompresa nzima kabisa iliyokuwa inatema oili kwa sababu ya kipande cha silikoni chekundu kama ulimi wa kuku.

Halafu uangalie mpira wa kuingizia hewa. Ukipasuka kidogo kati ya filta na kompresa, unavuta vumbi moja kwa moja, na vumbi la njia zetu ni msasa. Na injini yenyewe: ukifungua kifuniko cha oili ikiwa inawaka na ikakupulizia usoni, presha ya chini ya injini inasukuma oili juu, na kompresa yoyote utakayoifunga itatema. Hapo shida yako si kompresa, dada, na gharama yake ni nyingine kabisa.

Lakini muuaji nambari moja kwa macho yangu ni paipu. Ile ya kutoa upepo kutoka kwenye hedi kwenda kwenye draya. Upepo ukikandamizwa unapata moto, na pale unapotoka hedini joto lake ni la kukaanga maandazi. Ile oili kidogo iliyopita inaungua ndani ya paipu na kuacha ukoko, hasa kwenye kona ya kwanza. Ukoko unapunguza tundu, tundu dogo linaifanya kompresa isukume kwa nguvu zaidi, nguvu inaleta joto zaidi, joto linaunguza oili zaidi. Linajizungusha lenyewe hivyo hadi kompresa ife.

Mteja mmoja aliniletea gari likiwa na kompresa ya tatu ndani ya miezi minane. Kila mara alinunua nyingine, na kila mara fundi alirudishia paipu ile ile kwa sababu kwa nje ilikuwa nzuri. Nikaikata kwa msumeno mbele yake. Kwa nje unene wa kidole gumba. Ndani, pale kwenye kona, tulijaribu kupitisha kalamu ya wino ikagoma. Alikaa juu ya tairi kimya kama dakika tano hivi, nadhani akipiga hesabu. Tangu hapo, ukoko ukizidi unene wa milimita moja na nusu, mimi sisugui. Natupa.

Haya, tuseme umepima yote na kweli kompresa imekwisha. Sasa sokoni.

Maneno "imeundwa upya" huku kwetu yanafunika vitu vitatu tofauti. Cha kwanza ni ya kuvua: imetolewa kwenye gari la ajali, ikaoshwa kwa petroli, ikapakwa rangi. Cha pili ni ya kufumuliwa mtaani: ringi mpya, gasketi mpya, silinda ile ile. Cha tatu ndicho unachokitaka: kiwanda kimeifungua yote hadi kipande cha mwisho, kimeosha na kupima kasha, kimechonga silinda na kuweka pistoni na ringi za saizi ya kulingana nayo, kimepima krenki (shafti inayosukuma pistoni) na kuisaga au kuibadilisha, beringi mpya, vali zote mpya, sehemu ya juu ya hedi imesawazishwa, kisha kompresa imefungwa kwenye mashine na kupimwa inajaza kiasi gani na inapitisha oili kiasi gani. Hiyo ikilingana na gari lako inafanya kazi kama mpya, na nusu ya bei ni bei ya haki.

Kuzitofautisha si kazi ngumu. Nilimsindikiza mtu dukani maeneo ya Unga Limited, kompresa iko juu ya kaunta, rangi ya fedha inang'aa kama sufuria la mahari. Nikaomba tochi. Matundu hayakuwa na vizibo, na hilo peke yake linatosha kukutia shaka, maana kiwanda huziba kila tundu ili uchafu usiingie. Nikamulika tundu la kutolea upepo: ukoko mweusi ule ule wa chungu cha kuni. Rangi ilikuwa imepita juu ya gasketi, juu ya nati, hadi juu ya kibao cha namba, usingeweza kuisoma. Kiwanda kinachojivunia kazi yake hakipaki rangi kibao chake. Nikashika shafti na kuizungusha polepole kwa mkono; kila mzunguko ikawa inakaza mahali pale pale. Kijana wa duka akasema, "Ikishawaka itazoea." Kompresa haizoei. Tukaaga.

Kwa hiyo nenda na tochi, na kitambaa chenye thina kidogo cha kufutia kibao. Kisha linganisha namba. Usikubali kulinganisha kwa picha ya simu wala kwa "hii ni ya Series 60". Injini hiyo ilianza kutengenezwa 1987 ikaendelea hadi 2011, na katika miaka yote hiyo kompresa zilibadilika. Unaweza kukuta Bendix Tu-Flo 550, yenye silinda mbili, inayotoa futi za ujazo 13.2 kwa dakika kwenye mizunguko 1,250. Kuna ndugu yake 750 inayotoa 16.5, umbo karibu lile lile. Na kuna BA-921 ya silinda moja. (Ukiona boksi limeandikwa Knorr-Bremse usishtuke, Wajerumani hao ndio wenye Bendix tangu 2002.) Ya kwako ni ipi, kibao kilicho ubavuni mwa kompresa yako ndicho kinachojua.

Na kuna mtego mmoja wa Series 60 ambao wauzaji wengi hawaujui. Kwenye nyingi ya injini hizi, pampu ya kuvuta dizeli kutoka tangini imefungwa nyuma ya kompresa na inazungushwa na krenki ya kompresa yenyewe. Ukinunua ambayo mgongo wake umezibwa, itakaa vizuri kwenye boksi la gia, nati zote zitaingia, utafurahi, kisha utakuta pampu ya dizeli haina mahali pa kwenda. Angalia mgongo wa ile yako kabla hujatoa hata shilingi. Angalia pia kama inayouzwa inakuja na gia. Mara nyingi haiji. Unahamisha ya zamani, na meno yake yakiwa yameliwa, hiyo ni spea nyingine ya kutafuta.

Sasa kuhusu kumwachia ya zamani. Hapo muuzaji wako hakukosea, na kwangu ni dalili njema. Viwanda vinavyounda upya vinaishi kwa makasha ya kompresa mbovu. Bila kasha hawana cha kuunda. Marekani utaratibu ni kwamba unalipa bei, na juu yake amana ya kompresa ya zamani, ukiirudisha unarudishiwa amana. Kwa sisi tulio huku hesabu inabadilika. Ukiagiza mwenyewe kwa mtandao, amana ile ihesabu kuwa imekwenda, kwa sababu kusafirisha chuma kizito namna hiyo kukirudisha Marekani kutakula zaidi ya unachodai. Watu wengi wanaona bei ya chini mtandaoni wanafurahi, kumbe amana imeandikwa mstari wa pili, na ushuru wa Dar bado haujaguswa. Ndiyo maana kununua kwa mtu aliyepo Arusha, hata akikuzidishia kidogo, naona ni afadhali.

Ila mwulize waziwazi: hii ya kwangu inakwenda wapi? Akikujibu kwamba anazikusanya na kuzipeleka kwa aliyemuuzia, sawa. Akibabaika, ujue yako itapakwa rangi ya fedha na mwezi ujao itakuwa kaunta ileile. Usimkabidhi siku ya kununua. Mkubaliane kwa maandishi kwamba unaileta baada ya mpya kufungwa na kupimwa, na thamani yake iandikwe kwenye risiti. Na isifunguliwe na mtu yeyote kabla ya hapo. Kasha likipasuka au vipande vikipotea, wanaikataa. Hii ndiyo sababu simpi fundi wako wa kwanza ruhusa ya kujaribu ringi kwanza. Hakosei kabisa, Tu-Flo ni chuma cha zamani na inafumulika, na karakana za kuchonga silinda zipo Arusha na Moshi. Lakini ringi tupu ndani ya silinda iliyokwishakuwa na umbo la yai ni kazi ya safari mbili tatu, na ukishafungua umepoteza thamani ya kubadilishana. Ningeafiki kama kompresa nzuri isingepatikana kabisa.

Dhamana ya miezi mitatu: uliza inaanza siku gani, ya kununua au ya kufunga, na inafunika nini. Kawaida wakikuta uchafu ulitoka kwenye gari, ukoko wa paipu ya zamani au oili ya injini iliyochakaa, wanaikataa, na kwa haki. Tunza risiti za paipu na filta ya draya utakazonunua siku hiyo hiyo. Hizo ndizo ushahidi wako.

Kufunga ni kazi ya nusu siku kwa fundi anayejua. Simama hapo, au mtume mtu unayemwamini. Gasketi mpya, silikoni ibaki dukani. Paipu mpya, filta ya draya mpya, na gavana mpya, maana bei yake haifanani kabisa na hasara inayoweza kuleta. Mitungi imwagwe yote. Kabla ya kuwasha, oili safi ya injini imiminwe kwenye tundu la oili la kompresa, kwa sababu sekunde za kwanza bila oili zinakwangua beringi na hutajua hadi baadaye. Injini ikishawaka, pima upya: sekunde za kujaza, namba ambayo gavana inakata, na dakika ya kuvuja. Andika nyuma ya risiti.

Wakati ukitafuta, gari lisitembee na mzigo kama ile taa au king'ora cha upepo mdogo kinaita. Kinaita upepo ukishuka kwenye 60 hivi. Ukiendelea kushuka hadi kati ya 45 na 20, breki za springi zinajikaba zenyewe, na dereva hachagui ni wapi. Inaweza kuwa katikati ya kona na tani za saruji mgongoni. Dereva akikuambia "nitafika tu, Mama," mwambie alale Korogwe.

Akirudi safari hii, nitumie picha ya kibao cha namba, picha ya mgongo wa kompresa pale pampu ya dizeli ilipo, na zile sekunde za Tanga na za Arusha. Ile chupa ya oili usiimwage. Ukija Arusha kuonana na huyo muuzaji, njoo nayo, na mwambie fundi wako afungue ile kona ya kwanza ya paipu kabla hujatoka Himo.